Ile Nyepesi na Ile Nzito

Mwanatatu Mwidani alikuwa mtu wa kwenda kwa miguu. Alizaliwa Mtongwe, upande wa Likoni, akaolewa Ziwa la Ng'ombe, akafundisha shule ya msingi mpaka vumbi la chaki likamkaa kifuani. Ndipo alipopata kazi ambayo mwenyewe alisema lau angalijua mapema kwamba ipo, asingalishika chaki hata siku moja. Shirika moja la mjini lilimwandika akusanye nyimbo ambazo kina mama wa pwani huwabembelezea watoto, kabla wanaozijua hawajaondoka nazo. Basi akawa hutoka asubuhi, tepu rekoda ndani ya mkoba, mkoba begani, anaingia vijiji vya Wadigo huku na vya Wagiriama kule, anaketi mkekani na vikongwe, nao wanamwimbia nyimbo ambazo tangu wajukuu wao wakue hapana aliyewauliza habari zake.

Akirudi nyumbani huanza kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyomchosha. Husikiliza kanda, huandika mstari, huirudisha kanda nyuma, husikiliza tena, hufuta, huandika. Kanda ikirudishwa sana utepe wake hulegea, na sauti ya bibi wa watu ikawa kama ya mtu anayeimba ndani ya mtungi. Nyimbo nyingine zilimpotea hivyo, akiwa nazo mkononi.

Mwaka wa tisini na saba, mvua za masika zilipokwisha, shirika likakubali kumnunulia kompyuta, moja ya zile zinazofungwa kama kitabu, likamwachia achague mwenyewe. Mwanatatu hakujua lolote kuhusu kompyuta. Lakini alikuwa na Rashid, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akitengeneza mashine za ofisi za mizigo kule Changamwe. Rashid akasema atamletea mbili zilizo tofauti kabisa, azijaribu zote, na siku ya Ijumaa atakuja kuichukua ile asiyoitaka.

Ya kwanza aliileta mikononi kama mtu aliyebeba sahani ya halua. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, na nyepesi kiasi ambacho Mwanatatu alipoipokea mikono yake ilipanda juu bila kutaka, kwa vile ilikwisha kujitayarisha kwa uzito ambao haukuwapo. Aliifungua. Kioo chake kikapambazuka, kijivu kama mbingu kabla ya jua. Rashid akamwonyesha pa kubonyeza, naye akaandika kwa kidole kimoja mstari wa wimbo aliokuwa akiimbiwa na mamake, na herufi zikatokea moja moja, safi, kama kwamba zilikuwa zimejificha nyuma ya kioo zikingoja kuitwa. Alikosea neno, akalifuta, na pale lilipokuwa hapakubaki hata alama. Mwanatatu alipakodolea macho mahali pale patupu. Alikuwa amefuta ubao nusu ya umri wake, na kila alichokifuta kiliacha ukungu wake nyuma. Hiki kilikuwa kimekwenda kabisa.

Kesho yake aliitia mkobani, ikaenea, ikabaki nafasi ya leso na chupa ya maji. Akaenda nayo Mjambere kwa miguu, akaketi barazani kwa bibi mmoja asiyejiweza, akaandika palepale alichoambiwa, na betri haikumwangusha mpaka Alasiri. Njiani kurudi alihisi vijiji vyote ambavyo bado hajavifika, vya nyuma ya milima ya Shimba na vya ndani ndani huko Kaloleni, vikimsogelea. Alipofika karibu na nyumbani akaingia dukani akampigia Rashid simu, akamwambia asijisumbue kuleta ile nyingine. Yeye amekwisha kuchagua.

"Hujaiona hiyo nyingine, shangazi," Rashid akamjibu. "Hii uliyo nayo inaandika. Ile inasikia."

"Inasikia nini?"

"Unachosema."

Mwanatatu alidhani ni maneno ya vijana wanaouza vitu. Hata hivyo neno lile alilala nalo, na asubuhi akaamka nalo, akatuma salamu Changamwe kwamba basi na iletwe, kutazama si kununua.

Ile ya pili haikuja peke yake, ilikuja na jamaa zake. Palikuwa na kompyuta yenyewe, nene, ndani ya sanduku. Palikuwa na spika mbili na maiki yenye mguu. Palikuwa na stabilaiza ya kusawazisha stima, kwa sababu Rashid aliijua stima ya Ziwa la Ng'ombe. Na palikuwa na betri ya gari pia, kwani betri ya mashine yenyewe, alikiri, haikuwa na pumzi ndefu, na alikuwa na nia ya kutafuta njia ya kuiunganisha na hiyo kubwa. Pikapu aliyoomba kupakiwa ilikuwa ikielekea Mtwapa. Iliwashusha yeye na mizigo yake sokoni Kongowea, ubavuni mwa lori la vitunguu lililotoka bara, ikaenda zake. Mwanatatu, aliyekuja kumpokea, aliliinua lile sanduku, akaliteremsha, akamtazama mtoto wa kaka yake. Rashid akaelewa, akaenda kutafuta mkokoteni.

Mama mmoja muuza machungwa akawaambia kwamba kama mzigo wao ni wa kuvunjika wamchukue Bubu, kwa maana wale wengine wanakimbiza mikokoteni kama watu wanaofukuzwa. Akaashiria kwa mkono, akaja hamali mmoja mpana wa mabega, amejifunga kitambaa kichwani. Hakusikia wala hakusema. Aliuzunguka mzigo, akaligusa sanduku, akaigusa betri ya gari, kisha akakifungua kitambaa chake, akakikunja, akakitia baina ya vitu hivyo viwili visigongane. Njia nzima hakutazama nyuma. Lakini Mwanatatu, aliyekuwa akimfuata, aliona jinsi anavyoisoma barabara kwa miguu na kwa mpini wa mkokoteni. Lori likija nyuma yao, yeye huwa amekwisha kusogea kando kabla honi haijapigwa.

Walipofika, Bubu aliviingiza vitu kimoja kimoja katika chumba cha mbele ambacho Mwanatatu alikifanya ofisi yake. Akapewa ujira wake, akapewa na maji katika kikombe cha bati, akasimama mlangoni anakunywa huku Rashid akiunganisha nyaya.

Kompyuta ikawaka kwa rangi, buluu na nyeupe, na feni yake ndogo ikaanza kuvuma. Ilikuwa nzuri. Mwanatatu alikiri moyoni kwamba ni nzuri, na papo hapo akaanza kutunga maneno ya kumkatalia Rashid bila kumvunja moyo. Rashid akafungua kidirisha kidogo cheusi. Katikati ya weusi ule palikuwa na mstari wa kijani umelala, umenyooka kama uzi uliovutwa ncha zote mbili. Akamsogezea maiki.

"Sema chochote, shangazi."

"Niseme nini?" akauliza Mwanatatu, na uzi ukaruka.

Ulipanda ukashuka, ukafanya vilima na mabonde, ukatetemeka, na alipofunga mdomo ukalala tena. Akasema bismillahi. Ukaruka, lakini kwa namna nyingine. Mwanatatu aliketi. Miaka yote ile alikuwa akizifuata sauti za watu, anazitia katika kanda, anazibeba begani kutoka kijiji hadi kijiji, na haikumpitikia hata mara moja kwamba sauti ina umbo. Alianza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa mamake. Wimbo ukapita mbele ya macho yake kama maji yanavyopita mferejini, unavimba penye neno zito, unasinyaa penye pumzi, na malaika ya mikono yake yakamsimama. Mamake alikuwa amelala makaburini Mtongwe kwa miaka mingi. Hata mama huyo mwenyewe, aliyeutoa wimbo huu kifuani mwake, hakupata kuuona.

Ndipo kikombe cha bati kilipoanguka mlangoni.

Mstari uliruka ukagonga ukingo wa kidirisha. Bubu alikuwa amekwisha kuingia chumbani, maji yamemwagika miguuni pake, wala hakuwa na habari. Alikuwa akikitazama kioo, kisha mdomo wa Mwanatatu, kisha kioo. Aliinama polepole, macho hayabanduki, akakiokota kikombe, akakiangusha tena kwa makusudi. Mstari ukaruka. Akapiga kofi. Ukaruka. Akaunyoshea kidole mdomo wa Mwanatatu, na uso wake wote ukawa ni ombi. Mwanatatu akasema, "Haya, tazama," na uzi ukayumba. Akanyamaza, ukalala.

Bubu akaweka mkono kwenye koo lake mwenyewe.

Kabla ya kufanya lolote aligeuka akachungulia nje, kama mtu anayetaka kuhakikisha hapana wa kumcheka. Tangu utoto wake, kila alipofungua kinywa mbele za watu, nyuso zao zilibadilika. Wengine walicheka, wengine waligeukia pembeni. Hakujua ni kitu gani kilichotoka kwake kikawatenda hivyo. Alijua tu kwamba akiufunga mdomo nyuso hutulia, basi akaufunga. Sasa aliufungua. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya ndani sana, kama bawaba ya mlango wa zamani, na mstari wa kijani ukapanda. Akaikata. Ukalala. Akaitoa tena, kwa urefu, mkono bado kooni, na hapo akaona kwamba kile kinachotetemeka chini ya vidole vyake na kile kinachotetemeka kiooni ni kitu kimoja, na ni chake.

Akaketi palepale sakafuni, juu ya maji.

Rashid alitaka kusema jambo, Mwanatatu akamzuia kwa mkono. Mstari wa kijani ulikuwa umetulia, ila mara kwa mara ulishtuka kidogo kwa honi ya barabarani au kwa mlango wa jirani, na kila uliposhtuka yule mtu alitazama nje, akitafuta ni kitu gani huko duniani kilichosema.

Asubuhi iliyofuata Mwanatatu alisikia hodi ya mwanamke. Alipofungua alimkuta Bubu, bila mkokoteni, amevaa shati safi lenye mikunjo ya kukunjwa sandukuni, na kando yake mwanamke kijana aliyembeba mtoto mchanga kwa leso. Yule mwanamke akaamkia shikamoo, akasema jina lake ni Kafedha, akaomba radhi kwa kuja bila taarifa. Mumewe alikuwa akimvuta mkono tangu alfajiri. Alichokuwa akimwambia kwa ishara zake hakukielewa, ila aliona kinahusu nyumba hii, na kinahusu mtoto.

Mwanatatu aliwakaribisha, akamweleza Kafedha yaliyotokea jana. Kafedha alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akaanza kusimulia, taratibu, kama mtu asiyezoea kuulizwa habari za mumewe. Jina lake ni Nguma; Bubu ni la sokoni. Surua ilimchukua masikio kabla hajajua kusema. Walikutana Kongowea, yeye akiuza mchicha, na alimpenda kwa sababu ndiye hamali pekee aliyekuwa akiyapita mafungu yake bila kuyakanyaga. Mtoto huyu ni wao wa kwanza, msichana, alizaliwa mvua zikimalizika. Na tangu azaliwe baba yake ana swali moja tu. Hukielekeza kidole kinywani mwa mtoto, kisha huweka viganja vyake karibu karibu, kisha huvitenganisha kidogo, kisha zaidi, huku akimtazama mkewe. Anauliza ni kubwa kiasi gani.

"Nimeshindwa kumjibu," alisema Kafedha. "Sauti utaipimaje kwa mikono, mama? Nikimwonyesha hivi, naona nasema uongo. Nikimwonyesha hivi, naona uongo vilevile. Usiku hulala kamwekea mtoto kiganja kifuani, apate kujua akilia."

Mwanatatu aliiwasha ile kompyuta nzito kama alivyofundishwa, akakifungua kidirisha cheusi, akaiweka maiki juu ya stuli. Nguma alichuchumaa mbele ya kioo. Kafedha alimlaza mtoto mapajani, karibu na maiki.

Mtoto alikuwa amelala.

Wakangoja. Mwanatatu alileta chai. Mtoto alikunja uso, wote wakainama, akaukunjua akaendelea na usingizi wake. Kafedha akasema kwa haya kwamba anaweza kumfinya unyayo kidogo tu, mara moja, lakini Nguma aliona vidole vyake vinakwenda wapi akaushika mkono wake. Hapana. Atangoja. Mstari ulikuwa umenyooka, naye aliutazama kama mkulima anavyotazama mbingu ya mwezi wa tatu, akingoja mvua.

Hapo stima ikapotea. Feni ya ukutani ilipunguza mwendo ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza katikati ya neno. Kompyuta ilibaki ikiwaka kwa betri yake mwenyewe, ile ambayo Rashid alisema haina pumzi ndefu, na kubwa bado haijaunganishwa. Katika pembe ya kioo palikuwa na picha ndogo ya betri, na Mwanatatu aliiona ikianza kupungua. Aliogopa kuizima, asije akashindwa kuiwasha tena. Aliogopa kuiacha. Akaanza kuomba kimoyomoyo kwamba mtoto alie, akaona aibu, akaendelea kuomba.

Kafedha naye aliiona ile picha. Akamtazama mumewe, mgongo wake mpana umejikunyata mbele ya kile kioo. Akainama juu ya mtoto, mdomo karibu na maiki, akasema:

"Nguma."

Mstari ulifanya kilima, kisha kilima kingine kidogo kuliko cha kwanza, ukalala. Nguma akageuka. Alilikuta mdomoni mwa mkewe lile umbo la mwisho la jina, naye alilijua. Alikuwa akiliona kila asubuhi kabla hajatoka, na kila jioni alipoingia. Alikielekeza kidole kiooni, kisha akakielekeza kifuani mwake. Kafedha akaitikia kwa kichwa. Akalisema tena, naye akaona tena kilima na kilima kidogo, vilevile, mahali palepale.

"Mimi humwita," Kafedha akamwambia Mwanatatu bila kumtazama. "Watu hunicheka, wanasema nasema na ukuta. Lakini mtu utaishi na mwenzio usimwite jina lake?"

Ikawa ni kwa sababu ya ile sauti juu ya uso wake, au kwa sababu njaa imefika, mtoto akajinyosha, akafungua macho, akajikusanya mwili mzima, akalia.

Mstari haukuruka, bali ulipasuka. Ulikijaza kidirisha kutoka juu hadi chini, hata kijani kikawa kingi kuliko weusi, ukanywea mtoto alipovuta pumzi, ukapasuka tena. Kile kiumbe kisichojaza mkono wa baba yake kilikuwa kimeuzidi mlio wa kikombe cha bati, kimelizidi kofi, kimezizidi sauti zote zilizopata kupita pale. Nguma alisimama. Alitazama kioo, akamtazama mtoto, akarudi kiooni. Kisha aliitanua mikono yake, akaitanua mpaka ncha za vidole zikakaribia kuta, akamgeukia mkewe kwa lile swali lake.

Kafedha alikuwa akilia. Akatikisa kichwa ndiyo, tena na tena. Hivyo. Kubwa hivyo.

Nguma akacheka. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, bila kuchungulia mlangoni, na kwa muda mfupi mstari ule ulikuwa na sauti mbili ndani yake, ya mtoto na ya baba, zimeingiana pasiwe na wa kuzitenga. Halafu kioo kikawa cheusi. Betri ilikuwa imekwisha.

Yeye hakuonekana kujali. Alimchukua mwanawe angali analia, akamlaza begani, akaliegemeza shavu la mtoto kooni mwake, akafumba macho. Mwanatatu alitoka nje akasimama uani peke yake, kwa sababu alihisi kwamba kukaa mle ndani ni kuwaingilia. Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wakipekua, wanawake wa nyumba ya pili walikuwa wakigombana juu ya kamba ya kuanikia. Mwanatatu alisikiliza ule ugomvi kwa heshima ambayo hakupata kuwa nayo, akiona kila neno linavyopanda na kushuka hewani.

Ijumaa alikuwa ameziweka zote mbili mezani. Alikuwa amekwisha kufikiri, na hakuionea ile nyepesi. Siku moja kabla alitembea nayo tena mpaka Mjambere na kurudi, ili asije akasema alisahau raha yake. Raha yake ilikuwa ya kweli. Rashid alipofika baada ya swala, akaamkia, akapewa kiti, shangazi yake aliichukua ile nyembamba, akaifunika kwa leso, akamkabidhi.

Ajabu ni kwamba Rashid, aliyeisifia ile nzito tangu siku ya kwanza, sasa ndiye aliyeingia shaka. Alimkumbusha kwamba vijiji anavyokwenda havina stima. Akamkumbusha njia za mchanga, na magoti yake, na kwamba hata betri ya gari ikiunganishwa itataka kubebwa, kuchajiwa, kubebwa tena.

"Utafika wapi nayo, shangazi?"

"Nitafika nitakapofika."

"Na huko usikofika?"

Mwanatatu aliliwaza swali lile, kwa sababu lilikuwa la haki.

"Huko nitapakosa," alisema. "Lakini nikifika mahali, nitakuwa nimefika."

Rashid akainuka na ile nyepesi mkononi. Mlangoni alisimama akaahidi kwamba ile betri kubwa ataiunganisha mwenyewe kabla wiki haijaisha, na kweli aliiunganisha.

Basi kazi ya Mwanatatu ikabadilika. Mwanzo alikwenda vijiji vingi akikaa kidogo, sasa alikwenda vichache akikaa sana. Siku za kwenda mbali alimwajiri Nguma na mkokoteni wake, mashine imefungwa ndani ya godoro la sufi, na watu wa njiani waliuliza ni nani mgonjwa. Walikwenda Utange, walikwenda Bamburi, na mara moja walivuka na mkokoteni wao kwenye feri mpaka Mtongwe. Nyuma ya Shimba hakufika mwaka ule. Palikuwa na bikizee mmoja huko, aliyesifiwa kwa nyimbo ambazo hapana mwingine anayezijua, na Mwanatatu alikuwa ametumiwa salamu kwamba anangojwa. Kabla hajapata namna ya kuufikisha ule mzigo wake kule, ikaja habari kwamba bikizee amefariki. Siku ile hakuiwasha kompyuta. Alijua kwamba na mkoba mwepesi begani angalifika, na hakujidanganya kwamba asingalifika. Alimsomea fatiha, akakaa na lile jambo likiwa ni sehemu ya alilolichagua.

Upepo wa kusi ulipoanza kulegea walikwenda Mtopanga, kwa mama mmoja wa Kigiriama aitwaye Nyamvula, mkubwa wa umri kiasi kwamba wanawe nao walikuwa na mvi. Wanawake wa mtaa walijaa uani na wengine wakakaa juu ya ukuta. Rashid alikwisha kutia katika ile mashine programu nyingine, iliyoweza kuushika mstari usipotee, mtu akautazama kwa nafasi yake. Nyamvula aliimba wimbo wa kumlaza mtoto ambaye mamake amekwenda kutafuta kuni. Aliuimba mpaka mwisho bila kusita. Mwanatatu akabonyeza, na wimbo wote ukatandazwa juu ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo.

Nyamvula akasogezewa. Aliutazama kwa muda mrefu, mikono magotini.

"Huu ndio mimi?"

"Ndio wewe, bibi."

Akaweka kidole mahali ambapo mstari ulikuwa umelala, baina ya ubeti mmoja na mwingine. "Na hapa nilikuwa nimekufa?"

Wanawake wakacheka. Mwanatatu alibonyeza, akabonyeza tena, na mahali pale pakasogea mbele, pakakua, pakakua zaidi, mpaka pakakijaza kioo kizima. Haukuwa umelala. Ulikuwa ukitetemeka, mdogo mno, kama majani ya mvinje wakati upepo haupo.

"Hapo ulikuwa ukivuta pumzi," alisema Mwanatatu.

"Hata pumzi?"

"Hata pumzi, bibi."

Kicheko kikaisha uani. Wale waliokaa ukutani waliteremka wakaja karibu, wakasimama nyuma ya kiti cha Nyamvula. Nyamvula alivuta pumzi nyingine, polepole, ameweka kiganja kifuani, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika na akaambiwa ni chake tangu zamani. Halafu akaomba aimbe tena.